Kombe la Gregori

Sehemu ya Tano

Uliyekosa gazeti la wiki iliyopita, shika hapa tuende pamoja.

Yuliana ni mjane wa Gregori, aliyekuwa golikipa wa timu ya kiwanda cha magodoro kule Temeke. Mwaka jana, kwenye bonanza la wafanyakazi pale Boko, Gregori alidaka mpira, akaukumbatia, akalala nao chini. Watu wakashangilia wakidhani anapoteza muda. Hakuinuka. Gari la dharura halikuwepo, ikasemekana limepata pancha. Akapakiwa kwenye bajaji, akakata roho njiani mikononi mwa rafiki yake Ferdinand, mkuu wa mauzo.

"Aliniambia neno moja tu," Ferdinand alimweleza Yuliana msibani. "'Mtunze Yuliana.'"

Na kweli alimtunza. Alimtafutia kazi palepale kiwandani, ofisi ya utumishi. Mama mkwe wa Yuliana alipougua macho, yeye ndiye aliyempeleka kliniki na kumrudisha hadi mlangoni. Mwaka ulipogeuka akamwomba waoane. Yuliana alilia sana, kisha akakubali.

Tulipoishia, meneja Adelard alikuwa amempa Yuliana kazi ya kuandaa bonanza la mwaka huu la kujenga umoja wa idara, lenye kombe jipya lenye jina la marehemu mumewe.

Basi kikao cha kamati kikaketi kantini.

"Kuvuta kamba, ushonaji dhidi ya wapakiaji," Yuliana alisema. "Mbio za magunia, kila idara itoe watu wake. Kukimbia na yai kwenye kijiko, hiyo ni ya mameneja peke yao."

"Bosi Adelard na kitambi kile? Yai litafika limeshaanguliwa!" mtu alipaza sauti nyuma.

Kantini nzima ikacheka, Adelard mwenyewe akashika tumbo.

"Mechi ya mpira itafunga siku. Mshindi anachukua kombe na mbuzi," Yuliana akasema.

"Mbuzi wawe wawili," Raudha wa ushonaji akadakia. "Na sie wa netiboli tunatoka jasho, hatutoki mafuta ya nazi."

Yuliana alicheka. Alijishtukia anacheka, akaona aibu kidogo, kama mtu aliyekutwa anakula kabla ya maiti kuzikwa. Ferdinand, aliyekaa kando yake, akamgusa kiwiko taratibu. Cheka tu, macho yake yalisema.

"La mwisho," Yuliana akaendelea. "Gari la dharura, ile Noah ya kampuni, itakaa pembeni ya uwanja toka asubuhi, na nesi ndani. Haitoki kwenda popote. Na kaka Mashaka, naomba matairi uyakague mapema, yasije yakatupata ya mwaka jana."

Kicheko kikafa.

Mashaka, dereva wa kampuni, aliinamisha kichwa. Nyuma mtu akaguna, "Huyo ndo apewe tena gari?"

"Dada Yuliana," Mashaka akaanza, "lile gari..."

"Hilo la gari niachieni mie," Ferdinand akamkata. "Tusonge mbele. Jezi zinakuja lini?"

Kikao kikasonga. Lakini Yuliana alikuwa amemwona Mashaka. Alikuwa amefungua mdomo kama mtu anayetaka kutapika, kisha akameza.

*

Siku iliyofuata Yuliana alikuwa stoo akikunjua jezi mpya. Mashaka akaingia, akarudisha mlango nyuma yake, akabaki amesimama.

"Dada, unajua wananiitaje hapa kiwandani?"

"Hapana."

"Pancha. Nikiingia getini, walinzi wanasema, 'Pancha kafika.' Mtaani kwetu watoto wamelidaka. Mwanangu wa kike alirudi analia, kaambiwa baba yako kamuua golikipa." Akajifuta uso kwa kiganja. "Wewe peke yako hukuwahi kunitukana. Jana umeniita kaka mbele za watu. Ndo imenishinda."

"Kaka Mashaka, ajali haina kinga. Mie sikulaumu."

"Usiseme hivyo, dada! Unazidi kunichoma. Lile gari halikuwa na pancha."

Jezi ikamponyoka Yuliana.

"Halikuwa na pancha, na wala halikuwepo uwanjani," Mashaka akasema. "Nilikuwa Ubungo nalo. Nilitumwa kumfuata msanii wa singeli, kakwama pale na vyombo vyake. Nikasema, hili ni gari la dharura, halitakiwi kutoka. Nikaambiwa nenda, utarudi sasa hivi, nani atakayeumia leo? Nilipopigiwa simu nilikuwa nimeshanasa kwenye foleni, nina msanii nyuma, nina spika, nina wacheza shoo. Nilipiga honi hadi nikalia."

"Nani alikutuma?"

Mashaka akatazama mlango.

"Kaka Mashaka. Nani alikutuma?"

"Dada, nikikuambia nitakuvunjia nyumba ambayo hujaiingia."

Hakulitaja jina. Hapakuwa na haja, nyumba hiyo ilikuwa ya Ferdinand.

Yuliana alikaa chini palepale juu ya jezi. Alikumbuka maneno ya daktari siku ile. Mngewahi kidogo tu, mama. Kidogo tu. Mwaka mzima alikuwa akilichukia tairi la gari ambalo halikutoboka.

*

Ijumaa, siku moja kabla ya bonanza, walikwenda Boko kuandaa uwanja. Mafundi walikuwa wanasimamisha maturubai upande wa barabarani. Ferdinand alikuwa amekunja suruali, ana ndoo ya chokaa, anachora mistari mwenyewe. Alipomwona Yuliana anakuja alitabasamu meno yote.

"Yuli! Njoo unishikie kamba, goli hili linanipinda."

Yuliana hakushika kamba.

"Ferdi, mwaka jana ulimtuma Mashaka Ubungo?"

Mkono wa Ferdinand uliendelea kumwaga chokaa mahali pamoja, hadi kikawa kichuguu kidogo.

"Nani kakuambia?"

"Sijakuuliza nani kaniambia."

"Yuli, sikiliza..."

"Ulimtuma, hukumtuma?"

"Nilimtuma." Akaweka ndoo chini. "Mie ndo nilikuwa mwenyekiti wa kamati. Watu walikuwa wanamsubiri yule msanii, wanazomea. Nilitaka shughuli inoge. Yuli, ningejuaje? Gregori aliamka mzima. Tulikunywa naye supu asubuhi, akanimalizia chapati yangu!"

"Na pancha ilitoka wapi?"

"Niliogopa."

"Ukamtwisha Mashaka."

"Niliogopa, Yuliana."

Upande wa pili mafundi walikuwa wanagonga vigingi vya turubai. Ngo, ngo, ngo. Yuliana alisubiri wanyamaze. Swali alilokuwa nalo hakutaka limpotee kwenye kelele.

"Kwenye bajaji, Gregori alikuwa anajitambua?"

"Alikuwa anajitambua."

"Alisema nini?"

"Si nilishakuambia..."

"Niangalie usoni. Mume wangu alisema nini?"

Ferdinand aliketi chini, juu ya mstari aliouchora. Suruali nyeusi ikawa nyeupe.

"Alisema, 'Ferdi, gari liko wapi?' Ni hilo tu. Alirudia, akarudia. Mwishowe sauti haikutoka, ilikuwa midomo tu. Gari liko wapi. Na mie nilikuwa najua liko wapi."

"Na 'Mtunze Yuliana'?"

"Hilo lilikuwa langu."

"Lako?"

"Nililitunga msibani. Nilikuona umekaa kwenye mkeka, unaniangalia, unataka nikupe kitu chochote kilichotoka kwake. Ningekupa nini? Nikakupa hilo. Halafu na mie nikaliamini. Nilijiambia kaniachia kazi, ngoja niifanye. Bila hiyo kazi ningejinyonga, Yuli, nakuapia."

Yuliana hakulia. Mwaka mzima yale maneno mawili yalikuwa ndiyo mto wake wa kulalia. Usiku akishindwa kulala alijiambia, amekufa ananiwaza. Hata ile 'ndiyo' aliyompa Ferdinand aliitoa kwa sababu hiyo, kwamba marehemu mwenyewe, kwa kinywa chake, ndiye aliyemkabidhi.

Kumbe Gregori alikufa anauliza gari. Hakupata hata nafasi ya kumkumbuka mkewe.

Ndipo alipofiwa mara ya pili, uwanja uleule, jua likiwa utosini.

"Unanipenda?" aliuliza. Hakujua kwa nini aliuliza.

"Nakupenda. Hilo sikulitunga."

"Basi kesho, kabla ya filimbi ya kwanza, utashika maiki. Utawaambia watu gari halikuwa na pancha. Utamsafisha Mashaka mbele ya wote waliomchafua. Ya kwetu mie na wewe tutayajua baadaye."

"Nitasema."

"Apa."

"Haki ya Mungu, nitasema."

*

Jua lilikuwa halijazama alipofika nyumbani Manzese. Mama mkwe wake, aitwaye Flaviana, Mama Flaviana kwa heshima, alikuwa amekaa uani akimenya korosho za kuoka walizoletewa kutoka Masasi. Nyumba ile ilikuwa ya kwake. Gregori alikuwa mwanaye wa pekee.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona viatu vina chokaa?"

Yuliana akapiga magoti mbele yake, akamsimulia yote. Ubungo. Pancha. Bajaji. Aliyasema akiwa ameishika mikono ya mama mkwe, akiogopa yule mzee asije akaanguka.

Mama Flaviana hakuanguka. Alimsikiliza hadi mwisho, kisha akatoa mikono yake taratibu, akachukua korosho nyingine, akaipasua.

"Kumbe kakwambia," alisema. "Nilimkataza."

Yuliana alidhani hakusikia vizuri.

"Mama?"

"Alikuja baada ya arobaini. Wewe ulikuwa umekwenda kanisani. Alilala hapo ulipo wewe, kifudifudi, akaniambia yote. Nilichukua mchi wa kinu, nikaunyanyua. Nikauangalia mgongo wake. Nikaushusha."

"Ulijua? Ulijua ukaniacha nikubali kuolewa naye?"

"Nilikusukuma, hata. Usinitolee macho, Yuliana. Ulitaka nifanye nini?"

"Uniambie!"

"Nikuambie, halafu?" Sauti ya mama ilipanda ghafla. "Hamkuniachia mjukuu. Hamkuniachia hata kichanga cha kunililia humu ndani! Wewe bado kijana, utaolewa tu. Ukiolewa na mtu mgeni, mie ni nani yako? Mama wa marehemu? Utakuja Pasaka na Krismasi, kisha hutakuja tena. Lakini huyu anajua anadaiwa nini na Mungu, na anadaiwa nini na mie. Ananiita mama na anamaanisha. Akikuoa yeye, wote mnabaki."

"Kamuua Gregori, mama."

"Mie ndo nilimzaa Gregori! Unifundishe wewe nani kamuua?"

Majirani walinyamaza ng'ambo ya ukuta. Mama Flaviana akaokota maganda ya korosho yaliyomwagika, moja moja.

"Nilimsamehe," alisema polepole. "Ilinichukua nguvu zote nilizobakiza. Nyingine sina. Usinirudishe nyuma, mwanangu. Nakuomba."

Yuliana alitaka kumkumbatia, na alitaka kukimbia. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alikwenda kumchotea maji ya kuoga, kama alivyofanya kila siku, akamwekea bafuni, akamwita, "Mama, maji tayari."

*

Jumamosi bonanza likanoga, walahi. Kama Gregori angekuwepo angelipenda.

Wapakiaji walibwagwa kwenye kamba na washonaji, Raudha akiwa kinara mbele, kanga kiunoni. Bosi Adelard alidondosha yai hatua ya pili. Mbuzi alikata kamba akaingia uwanjani katikati ya netiboli, wakamkimbiza idara zote kwa pamoja, na pengine ndipo umoja ule alioutaka bosi ulipopatikana kweli.

Noah ilisimama pembeni ya goli. Mashaka hakushuka. Walimwita kunywa supu, akakataa. Walimwita kuvuta kamba, akakataa. Alikaa nyuma ya usukani amevaa shati la pasi, nesi kando yake, anausubiri wakati wake. Yuliana alikuwa amemwambia asubuhi, "Leo yatasemwa, kaka." Alikuwa ameitikia kwa kichwa tu, macho yakimjaa maji.

Mama Flaviana alikaa mstari wa mbele chini ya turubai, amefunga kilemba kipya. Yeye ndiye angekabidhi kombe.

Timu mbili zikajipanga. Mwamuzi akatazama saa. Adelard akampa Ferdinand maiki.

"Ndugu zangu," Ferdinand alianza. "Kabla hatujacheza, nina neno kuhusu mwaka jana."

Uwanja ukatulia. Yuliana alisimama karibu naye. Aliona jasho linamshuka nyuma ya sikio. Sema, aliomba kimoyomoyo. Sema tu, huenda nikapata pa kuanzia kukusamehe.

"Siku ile... lile gari..." Ferdinand akamtazama Adelard. Akawatazama vijana wake wa mauzo, waliomwita braza, waliokuwa wamesimama vifua mbele. Akamtazama Yuliana.

Hapo Yuliana aliona. Aliona ulimi unateleza kabla haujateleza.

"Lile gari lilipata pancha," Ferdinand akasema, "lakini sina wa kumlaumu. Ni mapenzi ya Mungu. Nilimshika rafiki yangu mikononi. Na neno lake la mwisho, ndugu zangu, lilikuwa 'Mtunze Yuliana.'"

Makofi yakapasuka. Akinamama wa ushonaji wakaanza kulia. Mtu akapiga kigelegele. Ferdinand naye alikuwa analia, tena machozi ya kweli, akamnyooshea Yuliana mkono.

Mlango wa Noah ulifunguka. Mashaka alishuka, akaufunga polepole bila kuubamiza, akaanza kutembea kuelekea barabarani. Alitembea kama mtu anayetoka mazikoni.

"Kaka Mashaka!" Yuliana aliita. Makofi yakaimeza sauti yake.

Akaichukua maiki mkononi mwa Ferdinand. Hakuipokonya. Ferdinand aliiachia, labda alidhani anataka kushukuru.

"Kaka Mashaka, simama hapo. Wote msikie. Gari halikuwa na pancha."

Makofi yakapungua, yakafa.

"Gari lilitumwa Ubungo kumfuata msanii. Mashaka alikataa, akalazimishwa. Aliyemtuma ni huyu hapa, Ferdinand, mchumba wangu. Na mume wangu hakusema 'Mtunze Yuliana.' Alisema, 'Gari liko wapi?' Alisema hivyo mpaka akaisha."

Raudha aliweka mkono mdomoni. Adelard alifungua kifungo cha shati, akakifunga tena. Kule barabarani Mashaka alikuwa amesimama, amewapa mgongo, mabega yanatikisika.

Kisha mpakiaji mmoja akasema, "Muuaji." Hakusema kwa nguvu. Mwingine akalirudia, na huyo alisema kwa nguvu. Mstari wa wachezaji ukaanza kuvunjika, wanaume wakimsogelea Ferdinand. Naye hakukimbia. Alisimama tu, mikono imening'inia.

"Pisheni!"

Mama Flaviana alikuwa ameinuka. Alikuja katikati ya uwanja kwa mwendo wake wa mzee asiyeona vizuri, na wanaume wale wakampisha, kila mmoja akijua anakwenda kumtemea mate muuaji wa mwanaye. Yuliana akamnyooshea mkono amwongoze.

Mama aliupita ule mkono.

Alikwenda hadi kwa Ferdinand, akampapasa bega, akamshika kiganja, akageukia watu.

"Mie ndo mama wa Gregori," alisema. Hakuhitaji maiki. "Huyu nilishamsamehe zamani. Nilizaa mmoja, nikazika mmoja, na huyu ndiye niliyebakiwa naye. Atakayemgusa aanze na mie."

Halafu akamgeukia Yuliana, macho yale yenye ukungu yakimtafuta mahali alipo.

"Nilikuomba usinirudishe nyuma, mwanangu. Hukunisikia. Basi leo nyumbani kwangu narudi na huyu. Na wewe sema, hapahapa mbele za watu. Unarudi na sie, au hapa ndipo tunaagana?"

Yuliana alifungua mdomo. Maiki ilikuwa bado inawaka mkononi mwake, na uwanja mzima, hadi kwa Mashaka kule barabarani, ulisikia pumzi yake ikipanda, ikishuka, na neno halitoki.

Itaendelea wiki ijayo.